Imamu Shafi na Haki za Mke Aliyeachwa na Mtoto Wake

 

Kila mtu wa pwani yetu hii akiulizwa madhehebu yake, husema bila ya kusita kwamba yeye ni Shafi. Na hili si jambo la juzi wala jana. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wa miji hiyo wakifuata madhehebu hayo, na tangu hapo imekaribia kupita miaka mia saba. Lakini mwulize mtu huyo huyo, Imamu Shafi alikuwa nani na alihukumu nini, utaona hana la kukujibu ila kwamba sisi twasoma kunuti katika sala ya alfajiri, na kwamba mwanamume mwenye udhu akimgusa mkewe udhu wake hutanguka. Mwulize habari ya talaka, atakuambia kwamba mume ana talaka tatu, kisha atanyamaza. Kana kwamba Imamu mzima alikuja duniani, akasafiri nchi baada ya nchi na kukesha usiku baada ya usiku, ili aje kutufundisha kwamba mume ana talaka tatu, basi!

Siku moja baada ya darasa ya alasiri alinijia mama mmoja ameshika kipande cha karatasi kilichopasuliwa katika daftari la mtoto wa shule. Juu yake yalikuwa yameandikwa maneno ya talaka, na chini yake pana agizo kwamba watoto wakitimia miaka saba baba yao atakuja kuwachukua. Mama yule hakuniuliza kama talaka ile imepita au haikupita. Aliniuliza jambo moja tu: kutoka siku hiyo mpaka watoto watimie hiyo miaka saba, watakula nini na watavaa nini? Nilimjibu kwa kadiri ya ilimu yangu, naye akaondoka. Lakini swali lake halikuondoka. Ndipo nikaona ni wajibu kuwaandikia ndugu zangu habari za Imamu huyu ambaye sote twajinasibu kwake, ili mtu ajue ni nani huyo anayedai kumfuata, na ajue vile vile ni kitu gani alichokiacha nyuma yake alipokimbilia zile talaka tatu.

Jina lake ni Muhammad bin Idris, na nasaba yake yakutana na ya Bwana Mtume s.a.w. kwa Abdu Manaf, kwani yeye ni wa kizazi cha Muttalib katika Makureshi. Alizaliwa katika mji wa Ghaza, katika nchi ya Sham, mwaka 150 Hijriya, nao ni mwaka 767 Miladiya. Mwaka huo huo ndio aliofariki Imamu Abu Hanifa. Baba yake alikufa naye angali mchanga, akabaki mikononi mwa mama yake, mwanamke ambaye wapokezi wengi wamesema alikuwa wa kabila la Azd, watu wa asili ya Yemen. Mama huyu alikuwa mjane, mgeni, tena fukara. Angeweza kukaa pale Ghaza na mwanawe akakulia hapo asijulikane ni nani, lakini alichelea nasaba ya mtoto isije ikapotea na haki yake ikapotea pamoja nayo. Basi alipokuwa na umri wa miaka kama miwili hivi alimbeba akaenda naye Makka, penye jamaa za baba yake, wakakaa huko katika hali ya dhiki.

Alimpeleka chuoni, wala hakuwa na kitu cha kumpa mwalimu. Lakini mwalimu aliona kwamba kila asomeshalo mtoto huyu hulidaka papo hapo, na kwamba yeye akitoka mtoto huyu huwarudia wenziwe masomo yao. Akaridhika kuwa kazi hiyo ndiyo ujira wake. Alihifadhi Kurani yote akiwa na umri wa miaka saba, kisha akahifadhi Muwatta, kitabu cha Imamu Malik, akiwa na miaka kumi. Karatasi hakuwa na uwezo wa kununua, kwa hivyo alikuwa akiandika masomo yake juu ya mifupa mipana, na akienda kwenye afisi za serikali kuomba karatasi zilizokwisha kutumika akaandika kwa upande wa nyuma. Mama yake hakumtoa chuoni ili aende akatafute mkate. Alistahimili. Na kila mwenye kusoma leo katika misikiti yetu Minhaj ya Imamu Nawawi au kitabu kingine chochote cha madhehebu haya, na ajue kwamba ilimu hiyo imepita katika nyumba ya mwanamke mjane asiyekuwa na mali.

Alipokuwa kijana alikaa jangwani na Waarabu wa kabila la Hudhail, waliokuwa wakisifika kwa ufasaha, akajifunza kwao lugha na mashairi, na akajifunza kulenga mishale hata akawa hodari sana. Kisha alirudi Makka akasoma fikihi kwa Muslim bin Khalid, mufti wa Makka, na Hadithi kwa Sufyan bin Uyaina. Baada ya hapo alishika njia ya Madina kwa Imamu Malik, naye Muwatta ameshaihifadhi moyoni. Akaisoma mbele ya mwenyewe, na Malik akapendezwa na usomaji wake na akili yake. Alidumu kuwa mwanafunzi wake mpaka Imamu Malik alipofariki mwaka 179 Hijriya.

Kwa sababu ya ufukara alilazimika kutafuta kazi, akaenda Yemen akatumika katika serikali huko Najran. Imesimuliwa kwamba hakuwa na nauli, mpaka ikabidi nyumba ya mama yake iwekwe rehani. Huko Najran alisimama juu ya haki, akakataa rushwa na upendeleo, na mwenye kufanya hivyo hakosi maadui. Wakamsingizia kwamba yumo pamoja na watu wa ukoo wa Sayyidna Ali waliotaka kumpindua Khalifa. Mwaka 184 Hijriya alichukuliwa hali ya kuwa mfungwa mpaka Iraki mbele ya Harun Rashid, na shingo yake ilikuwa karibu na upanga. Mwenyezi Mungu akamwokoa kwa ufasaha wake na kwa ushahidi mwema wa Muhammad bin al-Hasan al-Shaibani, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa. Basi mtihani ule uligeuka kuwa neema, kwani alikaa kwa huyo Shaibani akasoma ilimu ya watu wa Iraki, na vitabu alivyoandika kwake vikawa mzigo wa ngamia. Kwa njia hii zikamkutanikia ilimu mbili, ya Hijazi na ya Iraki, akazipima zote kwa mizani ya Kitabu na Sunna.

Kisha alirudi Makka akawa na darasa yake katika Msikiti Mtukufu, na hapo ndipo Ahmad bin Hanbal alipokutana naye akawa mwanafunzi wake. Mwaka 195 alikwenda tena Baghdad, akasomesha huko zile kauli zake ambazo wanavyuoni huziita kauli za kale. Na kwa ombi la Abdulrahman bin Mahdi, mwanachuoni wa Basra, aliandika Risala, kitabu kilichoweka misingi ya ilimu ya usuli: vipi hukumu hutolewa katika Kurani, katika Hadithi, katika ijmaa na katika kiasi. Mwaka 199 Hijriya alihamia Misri, akakaa katika mji wa Fustat akisomesha katika msikiti wa Amru bin al-As. Hapo aliipitia ilimu yake upya, akaiandika tena Risala, na akayaacha mengi katika yale aliyoyasema Baghdad kwa kuwa alidhihirikiwa na dalili zilizo na nguvu zaidi. Aliwausia wanafunzi wake kwamba wakiona Hadithi sahihi imekwenda kinyume na kauli yake, basi waishike Hadithi na waiache kauli yake. Mtu wa namna hii hakuwa mtumwa wa ada wala wa mazoea. Na sisi twaojiita wafuasi wake tumefanya nini? Tumezichukua ada zetu tukazivika joho lake.

Katika Misri ndiko kilikokusanywa kitabu chake kikubwa, al-Umm, alichokipokea kwake mwanafunzi wake Rabii bin Sulaiman al-Muradi. Ndani yake mna milango mirefu ya nikahi, na talaka, na eda, na nafaka, na habari ya mzazi yupi ana haki zaidi ya kukaa na mtoto. Tutaje machache katika hayo, pamoja na yaliyothibiti kwa wanavyuoni wa madhehebu yake baada yake.

La kwanza ni talaka yenyewe. Ni kweli kwamba talaka imo mkononi mwa mume, na ni kweli kwamba katika madhehebu haya mtu akitamka tatu kwa pamoja zimepita tatu. Lakini hilo lilikuwa ni la kumtisha mwenye akili, si la kumpa silaha mjinga! Talaka ya Sunna ni mtu kumwacha mkewe katika tohara ambayo hakumwingilia. Kumwacha katika hedhi ni haramu, ijapokuwa talaka huhesabiwa. Na aliye bora ni yule mwenye kutoa moja akaiacha eda ipite, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ameiweka eda ili moyo upoe na watu wapate njia ya kurejeana. Mwenye kutoa tatu kwa ghadhabu ameufunga mlango huo kwa mkono wake, kisha huanza kuzunguka kwa masheikh usiku akitafuta wa kumfungulia.

Tena mke aliyeachwa talaka rejea ana haki ya nyumba na nafaka muda wote wa eda yake. Si halali kwa mume kumtoa katika nyumba ile, wala si halali kwa mke kutoka, kama ilivyoelezwa katika sura ya Talaka. Na eda yake kwa Imamu Shafi ni tohara tatu, na asiyepata hedhi ni miezi mitatu, na mwenye mimba ni mpaka azae. Aliyeachwa talaka isiyokuwa na rejea ana haki ya kukaa nyumbani mpaka eda ishe, na akiwa na mimba ana haki ya nafaka pia. Sasa tazama yanayotendeka katika mitaa yetu. Talaka hutamkwa baada ya isha, na kabla ya alfajiri mwanamke yuko kwao na kisanduku chake. Na wazee wa pande mbili huona ndiyo heshima! Heshima gani hii inayovunja amri ya Mwenyezi Mungu iliyo wazi?

Kadhalika kuna kile kitu kiitwacho mataa, nacho ni kitulizo anachopewa mke aliyeachwa, mbali na mahari yake. Kauli yenye nguvu katika madhehebu haya ni kwamba ni wajibu kumpa hata mke aliyekwisha kuingiliwa, maadamu sababu ya kuachana haikutoka kwake. Wangapi katika wanaume wetu waliowahi kusikia jina lake, seuze kukitoa?

Ama nafaka ya mke anapokuwa katika nikahi, Imamu Shafi aliipima kwa hali ya mume: kwa siku vibaba viwili kwa tajiri, kimoja kwa maskini, na kimoja na nusu kwa wa kati, katika chakula cha mji, pamoja na kitoweo, mavazi na makazi. Na hapa pana jambo ambalo lapasa kila mwanamke alijue. Kwa Abu Hanifa nafaka iliyopita bila ya hukumu ya kadhi au mapatano huanguka. Lakini kwa Imamu Shafi nafaka ya mke haianguki kwa kupita muda, bali huwa ni deni katika dhima ya mume kama deni la dukani. Dalili yake moja ni ile barua ya Sayyidna Umar r.a. aliyowaandikia majemadari wake juu ya askari walio mbali na wake zao, kwamba ama wapeleke nafaka, ama waache, na wakiacha wapeleke nafaka ya muda uliopita. Basi yule aliyepanda meli au ndege akaenda Arabuni kufanya kazi, akakaa miaka mitatu bila ya kumletea mkewe hata senti, asidhani kwamba akirudi na mkufu wa dhahabu mambo yamekwisha. Ana deni, na deni huulizwa siku ya kiyama.

Na mume akiwa hana kitu kabisa hata cha nafaka ya maskini, Imamu Shafi amempa mke hiari: akitaka atasubiri, na akitaka atakwenda kwa kadhi kudai kuvunjwa nikahi, nako ndiko kuitwako fasikhi. Kadhi hukithubutisha kile kitu, akampa mume muhula wa siku tatu, na akishindwa nikahi yavunjwa. Katika jambo hili ameshika kauli ya Said bin al-Musayyab, bwana wa wanavyuoni wa Madina katika Tabiina. Ama mume mwenye uwezo anayezuia kwa inadi, hukumu yake ni kadhi kumlazimisha atoe. Kwa hivyo si kweli maneno yasemwayo barazani kwamba mwanamke amefungwa kamba na mwisho wa kamba uko mkononi mwa mume peke yake. Mwisho wa pili uko mkononi mwa sharia.

Sasa tuje kwa watoto, nao ndio waliokuwa swali la yule mama. Wazazi wakiachana, mwenye haki ya ulezi wa mtoto mdogo ni mama kabla ya baba, kwa sharti awe na akili timamu, mwaminifu, na asiwe ameolewa na mume mwingine. Akiolewa na mtu asiyekuwa na haki katika ulezi wa mtoto yule, haki yake husimama. Lakini haiendi moja kwa moja kwa baba kama wadhanivyo wengi, bali humwendea nyanya wa mtoto, mzaa mama. Na mama akiachika tena, haki yake humrudia.

Muda huu wote wa ulezi gharama za mtoto ni juu ya nani? Ni juu ya baba, ikiwa mtoto hana mali yake mwenyewe. Na ikiwa baba hayupo au hana, ni juu ya babu mzaa baba. Mama aliyeachwa akimnyonyesha mtoto ana haki ya kudai ujira wa kunyonyesha. Mtoto aweza kukaa kwa mama yake naye bado chakula chake, nguo zake, dawa zake na mafundisho yake yanamwajibikia baba. Yule asemaye kwamba madhali mtoto yuko kwao basi wao ndio wamlishe, amesema neno ambalo hana Imamu hata mmoja nyuma yake. Katika dalili za Imamu Shafi ni kisa cha Hindu binti Utba alipomshitaki mumewe Abu Sufyan kwa Mtume s.a.w. kwa ubahili wake, naye akamruhusu achukue katika mali ya mume kiasi cha kumtosha yeye na mwanawe kwa wema.

Mtoto akifikia umri wa kupambanua mambo, nao ni kiasi cha miaka saba au minane, je, baba aja kumchukua kama alivyoandika yule bwana katika karatasi yake? La! Imamu Shafi amesema mtoto ahiyarishwe. Atasimamishwa baina ya baba yake na mama yake, na atakayemchagua ndiye atakayekaa naye. Hakulitunga hili kwa rai yake. Limepokewa kwa Abu Huraira kwamba Mtume s.a.w. alimhiyarisha mvulana baina ya wazazi wake, na limepokewa pia kwa Sayyidna Umar na kwa Sayyidna Ali r.a. Mtoto mwanamume akimchagua mama, atalala kwa mama usiku na mchana atakuwa kwa baba ili amfunze elimu na kazi. Akimchagua baba, si halali kwa baba kumzuia kumzuru mama yake. Mtoto mwanamke akimchagua mama, atakaa kwake usiku na mchana, na baba atamzuru. Na mtoto akibadilisha shauri, atahamishwa kwa yule aliyemtaka. Katika hali zote hizo nafaka yabaki pale pale juu ya baba.

Lakini ziko tofauti mbili ambazo kwa kutozijua watu wengi hupoteza haki. Nafaka ya mtoto kipimo chake si vibaba kama ya mke, bali ni kile kinachomtosha. Na nafaka ya mtoto, tofauti na ya mke, huanguka kwa kupita muda, isipokuwa kadhi ameikadiria na kuihukumu, au amempa mama ruhusa ya kukopa kwa dhima ya baba asiyekuwapo au anayezuia. Fahamu vizuri jambo hili. Mama aliyekaa kimya miaka mitano akiuza maandazi na kushona vilemba ili alishe watoto, kisha mwaka wa sita akaenda kudai yote yaliyopita, aweza kuambiwa kwamba haki hiyo ya watoto imekwisha pita. Subira ni njema, lakini si subira kunyamazia haki ya mtoto ambaye hana ulimi wa kuidai. Na aende kwa kadhi mapema, mara tu baba anapokata mkono.

Na kadhi tunaye. Mapatano ya mwaka 1963 yalilinda mahakama za kadhi, sheria ya mwaka 1967 ikazipanga, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezitaja waziwazi, na kuzipa kazi ya kuhukumu mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa hapo. Si aibu kwa mwanamke kufika mbele ya kadhi. Wake wa sahaba walifika mbele ya Bwana Mtume s.a.w. na kueleza mashaka yao, wala hakuna aliyewaita watovu wa haya. Aibu ni kwa yule aliyewafikisha hapo.

Huenda mtu akasema kwamba Imamu Shafi aliwapendelea wanawake na watoto kwa kuwa yeye mwenyewe alilelewa na mama pasina baba. Sisi hatusemi hivyo. Imamu hakuhukumu kwa machozi ya utotoni mwake. Amehukumu kwa Aya na Hadithi, na palipokuwa na haki ya mume, ameitaja bila ya kuipunguza. Lakini twasema hivi: Mwenyezi Mungu, kwa hekima yake, alimlea mtu huyu katika mikono ya mwanamke asiyekuwa na kitu, ili ijulikane kwamba mtoto anayelelewa na mama peke yake si mtoto wa kutupwa. Huwezi kujua ni nani anayelala njaa katika chumba cha kupanga kule Majengo au Mkomani usiku wa leo, na baba yake yuko barazani anakunywa kahawa na kubishana juu ya kunuti.

Imamu Shafi hakukaa Misri ila miaka mitano kasoro. Alikuwa mgonjwa wa bawasiri, damu ikimtoka kwa wingi hata kumdhoofisha, na juu ya hayo hakuacha kusomesha wala kuandika. Alifariki mwishoni mwa Rajabu mwaka 204 Hijriya, nao ni mwezi wa Januari mwaka 820 Miladiya, akiwa na umri wa miaka 54 kwa hesabu ya Hijriya. Akazikwa Karafa, katika mji ambao leo ni Kairo, na kuba iliyo juu ya kaburi lake ilijengwa na mfalme al-Kamil wa ukoo wa Ayyub mwaka 608 Hijriya. Wanafunzi wake Buwaiti, Muzani na Rabii waliichukua ilimu yake, ikaenea mpaka ikavuka bahari ikafika kwetu.

Ilimu hiyo ndiyo amana aliyotuachia. Mwenye kuichukua nusu, ile nusu yenye kumpa yeye, na kuitupa nusu ya pili yenye kumdai, huyo hakumfuata Imamu Shafi. Amefuata nafsi yake. Basi, ewe ndugu uliyemwacha mkeo, kabla hujalala usiku huu hesabu: eda yake umeilisha? Mataa umempa? Watoto wako wamekula? Na wewe mwenye kuozesha binti, mfundishe haki hizi kabla hajatoka nyumbani kwako, kama unavyomfundisha kupika na kupokea wageni. Na sisi tunaosomesha, tusiwe tukifungua mlango wa tohara kila mwaka na kuufunga mlango wa nafaka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu wetu na mama yake aliyemlea, na atujaalie kuwa wafuasi wake kwa vitendo, wala tusiwe wafuasi wake kwa jina tu. Amin.